Kodi ya Meza na Filimbi ya Treni

Ninyi mliozaliwa reli ikiwa imeshalala, mnaopita mbele ya gare, stesheni yetu ya treni, na pikipiki zenu na kuona tu ukumbi mchafu wenye zege lililopasuka, hii ni yenu. Mnaniuliza kwa nini tukifika pale ninanyamaza. Mnafikiri ni miguu. Si miguu. Someni mpaka mwisho, na mtu asikimbilie kunisifu katikati, maana katikati nitaonekana mtu mzuri.

Shule nilisoma miaka mitatu, kwa misheni, kisha mama akazaa mapacha na mi nikarudishwa nyumbani kubeba mmoja. Kuandika Kiswahili ninaweza, kama ninavyokisema. Kifaransa hapana. Karatasi ya ofisi nilikuwa naishika kama mtu anavyoshika mtoto mchanga wa mwenzake: kwa heshima, na bila kujua analia nini.

Wakati ule nchi ilikuwa bado na jina lingine. Ukumbi wa gare ya Kolwezi ulikuwa na meza nane za zege, zilizojengwa na watu wa reli zamani kando ya ukuta, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Chini ya kila meza palikuwa wazi, pa kuweka makala ya kuwashia moto na ndoo. Meza hazikuwa zetu. Zilikuwa za reli, na sisi tulipanga. Kila mwanzo wa mwezi tunapeleka kodi kwa shefu wa gare, mkubwa wa pale, mwanaume mrefu wa kofia, aliyependa kusema neno mara mbili ili likae. Kazi ilikuwa nzuri. Treni ya abiria ilitoka upande wa Dilolo na Mutshatsha imejaa wanawake wa makala na mihogo, nyingine ikaenda upande wa Tenke na Likasi, na mpaka Kasai kwa wenye safari ndefu. Mtu aliyelala ndani ya treni anashuka na njaa. Sisi tuko pale.

Mi nilikuwa meza ya tatu: chai na mandazi. Meza ya pili ilikuwa ya mwanamke ambaye ukumbi wote ulimwita Mama wa Mayai, kwa sababu aliuza mayai ya kuchemsha na mkate. Alizaliwa hapahapa Kolwezi, lakini baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya ofisi kwa kampuni ya shaba, na mume wake pia alikuwa karani huko. Zamani hilo halikuwa neno. Baba yangu mi pia alishuka treni pale pale, akitoka kaskazini ya Katanga na sanduku moja la mbao. Mama wa Mayai alikuwa mdogo kwangu, akaniita yaya, dada mkubwa. Shule ya msingi aliimaliza, akasoma na mwaka mmoja mbele. Barua zetu zote aliandika yeye.

Kulikuwa na desturi moja ya ukumbi ambayo hakuna aliyetufundisha. Asubuhi, aliyefika wa kwanza anawasha mbabula yake, lile jiko la bati, kwa makala. Wengine hawapigi kiberiti, wanaomba moto. Mwenye moto anachukua kaa moja jekundu kwa koleo, anamwekea jirani ndani ya mbabula yake, jirani naye anampa anayemfuata, mpaka mwisho wa ukuta. Kuwasha moto wako wakati wa jirani unawaka ilikuwa kutangaza mbele ya wote kwamba mna kesi. Wanawake wa meza ya sita na ya saba waliwahi kupiga kila mmoja kiberiti chake wiki nzima, kwa ajili ya mwanaume, na mpaka abiria wakajua.

Kisha kampuni ya shaba ikaanza kuugua. Mambo ya bei za ng'ambo sisi hatukuyajua. Tulijua posho. Kwanza samaki walitoka ndani ya posho, kisha mafuta, kisha unga wenyewe. Mume wangu, nkambo wenu, babu yenu, alikuwa fundi wa mota kiwandani. Alitoka kila asubuhi na overoli iliyopigwa pasi, akarudi na overoli iliyopigwa pasi. Mshahara ulichelewa mwezi, ukachelewa miezi, na ulipokuja pesa ilikuwa imejaa zero mpaka imechoka, haina nguvu ya kununua chumvi. Sikumsema. Mwanaume anayekwenda kukaa karibu na mota iliyozimwa, utamwongezea nini? Watoto wangu sita walikula kwenye meza ya tatu ya gare. Hapakuwa na mahali pengine pa kulia. Hilo mlishike.

Na treni nazo zikapungua. Ya siku mbili ikawa ya wiki, ya wiki ikawa ya Mungu akipenda, kisha tukamaliza mwezi njia ikiwa imekauka. Tunafika, tunapeana moto, tunakaa. Jioni mandazi tunayarudisha nyumbani, watoto wanayala yakiwa magumu kama sabuni. Lakini mwezi ukianza, shefu anapita na kitabu chake.

Mama wa Mayai ndiye aliyesema tusilie kila mmoja peke yake. Akaandika barua moja ya meza nane, tukaingia ofisini wote pamoja, tumefunga vitambaa vya kanisani. Shefu akatuambia sheria ni sheria, meza ni meza. Mama wa Samaki, wa meza ya nne, mwanamke mzito wa mwili ambaye mdomo wake haukuwekewa mlango, akamwuliza:

"Shefu, tuuzishie nani? Nzi? Nzi habana feza."

Hata yeye alicheka. Ndipo Mama wa Mayai akaongea Kifaransa, polepole, na adabu. Nje alitufasiria. Alikuwa amemwambia kwamba sisi hatukupanga zege, tulipanga treni. Zege hata nyumbani tunalo. Basi treni isipokuja, kodi ilale. Siku treni ya watu itapiga filimbi ndani ya gare hii, kodi itaamka na tutaileta wenyewe bila kuitwa.

Lile neno la filimbi shefu alilipenda. Akalirudia mara mbili. Akaandika karatasi, na mwisho akaongeza lake: msamaha ni wa wanawake hawa wanane na meza hizi nane. Meza moja ikibadili mtu, au ikibaki tupu, karatasi imekufa kwa wote. Hakutaka tupate meza za bure halafu tuzipangishe kwa wengine. Tukatia dole gumba, akapiga muhuri. Tukatoka na vigelegele. Karatasi ikakaa kwa Mama wa Mayai, ndani ya kopo la maziwa chini ya meza ya pili, kwa sababu ni yeye aliyejua inasema nini.

Haikupita muda maneno ya mjini yakabadilika. Wakubwa kwenye mikutano, vijana barabarani, wote wimbo mmoja: kila mtu arudi kwao. Watu wa Kasai wakaitwa wadudu. Vijana wakapita lupango kwa lupango, ua kwa ua, kuwafukuza. Sitaandika yote niliyoona. Naandika hili: mwanamke wa nyuma yetu alifua nguo za watoto wake asubuhi, na jioni nguo zilikuwa bado kwenye kamba, yeye hayupo, na mwanamke mwingine amesimama anazipima kwa macho kama zitawatosha wake.

Waliofukuzwa walikuja gare. Hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walikuja na magodoro, na mashine za kushona, na mabati waliyoyang'oa wenyewe. Mzee mmoja alikuja amebeba mlango. Mama wa Samaki akamwuliza nani anasafiri na mlango. Mzee akajibu kwamba aliyeichukua nyumba ataona baridi kidogo. Walijaza ukumbi, kisha uwanja, kisha wakajenga vibanda vya plastiki mpaka karibu na reli. Walingoja treni ya kuwapeleka. Treni haikuja.

Siku ya tatu akafika Mama wa Mayai na watoto wanne. Mume wake alikuwa amepigwa, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Hakutafuta mahali. Alikwenda moja kwa moja meza ya pili, akatoa makala na ndoo chini yake, akaingiza watoto mmoja mmoja. Kisha akaniangalia.

"Yaya, leo sikuchelewa kazini."

Nikacheka. Nilipomaliza kucheka niliona haya.

Tangu siku ile moto wa ukumbi ulitoka kwake. Alilala pale, basi yeye ni wa kwanza kila asubuhi. Tulitoka kwenye nyumba zetu zenye milango, tukaja kuomba moto kwa mwanamke aliyelala sakafuni, naye akatupa, meza ya kwanza upande huu, ya tatu upande huu, mpaka ya nane.

Na sisi tuliuza. Kwa nini nifiche? Chai, maji ya moto, mihogo, samaki, tuliuza vizuri kuliko siku za treni. Msamaha tulipewa kwa sababu hapakuwa na watu. Sasa watu wamejaa mpaka mlangoni na kodi bado imelala. Shefu hakuwa mpumbavu. Akaja mikono nyuma, akasema watu wapo, kodi iamke. Tukamkumbusha filimbi. Akatabasamu, akatembea mpaka meza ya pili, ambayo juu yake hapakuwa na kitu, akaigonga kwa kidole. Akasema hii ni tupu, mwenyewe ameondoka, basi karatasi imekufa.

Aliyemjibu ni Mama wa Samaki. Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa mmoja wa waliopita lupango kwa lupango. Sote tulijua, na yeye alijua tunajua.

"Mwenye meza hakuenda, shefu."

"Iko wapi?"

"Iko chini ya meza."

Shefu akainama. Kofia ikamwanguka. Akaona macho ya watoto yamepangwa kama mayai kwenye sahani, na Mama wa Mayai akamsalimu kutoka huko chini kwa Kifaransa, na adabu yake ileile ya ofisini. Shefu akaokota kofia, akaipangusa muda mrefu. Akasema meza ni ya kuuzia. Kesho akikuta haiuzi, ni tupu. Haiuzi, ni tupu.

Kesho yake tukaijaza. Mi nilitoa mandazi, Mama wa Samaki akatoa samaki wakavu, kila mwanamke kitu chake, tukapanga juu ya meza ya pili kama soko dogo. Mama wa Mayai akasimama nyuma yake akauza, na jioni chakula kilichobaki kikaingia chini kwa watoto. Tulifanya hivyo kila siku. Watu walituona wakasema wanawake wa gare wana roho. Pasta wetu alitutaja kanisani, bila majina, na mi nikaketi nimenyoosha mgongo.

Hapa ndipo nilipowakataza kunisifu. Hatukuwa tunamlisha yeye, tulikuwa tunalisha karatasi. Kumpenda tulimpenda. Lakini mji ulimtaka aende, na sisi tulimtaka abaki, na hakuna aliyemwuliza yeye. Baadhi yetu usiku tulikula meza moja na waliomfukuza, asubuhi tukampangia mandazi ili kodi yetu iendelee kulala.

Ikaingia kiangazi, na mnajua baridi yetu ya kiangazi, zege linavyoitunza. Watu wa ukumbini walikohoa. Kila siku mbili tatu tuliona blanketi likibebwa kuelekea nyuma. Mtoto wa mwisho wa Mama wa Mayai, wa kike, aliyekuwa ameanza tu kutembea, naye akashikwa na kifua. Mama yake alimpaka mafuta ya mawese mchana kutwa. Alikuwa na mkubwa wake, ndugu wa tumbo moja, huko Mwene-Ditu ya Kasai, mwenye nyumba na kitanda. Aliniambia mara nyingi, mpaka ikawa kama sala: wakifika kule, mtoto atalala juu ya kitanda.

"Nataka treni tu, yaya. Hata ya mawe."

Kulikuwa na mwanaume mmoja wa reli aliyekunywa chai kwangu, kazi yake ni kufunga mabehewa pamoja kule nyuma ya depo, karakana ya treni. Alikuwa kama wengine, bila mshahara, basi chai nilimpa na yeye akanilipa kwa habari. Alasiri moja aliinama kwenye kikombe akaniambia kwa sauti ndogo. Kesho asubuhi mabehewa ya mizigo yatafungwa nyuma ya depo. Hayataingia gare, hayatapiga filimbi, ili watu wasikanyagane. Yatakwenda upande wa Tenke na kuendelea mpaka Kasai. Atakayekuwa pale jua likitoka, atapanda.

"Mwambie ule unayemutaka, mama," akasema, akarudisha kikombe.

Nikageuka kushoto. Mama wa Mayai alikuwa amekaa chini, mtoto kifudifudi kwenye mapaja, anamgonga mgongo polepole kwa kiganja. Kutoka kwangu kwenda kwake ilikuwa hatua moja. Hata hatua sikuihitaji, kuinama tu.

Nikafikiri. Akienda, meza ya pili ni tupu. Ikiwa tupu, karatasi imekufa, kodi inaamka, na wengi wa watu wa ukumbini watapanda nao, basi kodi ipo na wa kununua hayupo. Shefu ana ndugu wa mke wake wanaozitaka meza. Nikawaona watoto wangu sita wakisimama mstari. Nikajiambia treni nyingine itakuja. Nikajiambia nitamwambia jioni, ili asipayuke mchana. Jioni nikafunga mandazi yaliyobaki, nikampa lala salama, nikaenda nyumbani. Sikusahau. Msije mkasema mi nkambo wenu nilisahau.

Asubuhi nilifika, akanipa moto ndani ya mbabula yangu kama kila siku. Ndipo tukasikia mabehewa yakigongana nyuma ya depo, na watu wachache wakaanza kukimbia na magodoro, kisha wengi. Mume wake akaondoka kwenda kuangalia, na mkono wake mmoja. Yeye akafunga mtoto mgongoni, akaanza kuvuta wengine chini ya meza, kiatu hiki kiko wapi, kile kiko wapi. Kabla hawajafika nje watu walikuwa wanarudi. Imejaa. Imekwenda.

Akarudi mahali pake. Hakulia. Saa ya chai ikafika, na yule mwanaume wa reli akaja, akamwona, akashangaa kabisa, bila ubaya.

"Mama, uko bado hapa? Mi jana nilimwambiaka huyu."

Mama wa Mayai akanigeukia.

"Yaya," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Juu ya karatasi?"

"Juu ya karatasi."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya. Akamfunika mtoto.

Kesho yake asubuhi nilisogeza mbabula yangu niombe moto. Kuninyima hakuninyima, moto haunyimwi. Alichukua kaa kwa koleo, akainama, akaliweka chini, sakafuni, katikati ya meza zetu. Akampa wa meza ya kwanza wake ndani ya mbabula. La kwangu nililizoa kwa kipande cha bati, limeshaanza kuwa jivu upande mmoja. Wote waliona. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mandazi yangu aliyauza, kwa sababu meza ilipaswa kuuza, lakini watoto wake hawakuyala tena. Walikula samaki wa Mama wa Samaki, ambaye mtoto wake aliwafukuza, na hawakula mandazi yangu.

Nilimwambia nkambo wenu. Alisikiliza, akasema, "Ulilinda batoto bako." Ndilo neno nililotaka kulisikia kutoka kwa mtu. Nilipolipata halikuwa na ladha.

Siku zikaenda, mtoto akabaki mwenye macho makubwa tu. Nikaanza kumwuliza yule wa reli kila alipokuja, kabla hata sijammiminia chai. Hapana mama. Bado mama. Siku moja adhuhuri alikuja haraka, hakukaa, akasema wanafunga mabehewa sasa hivi, palepale.

Sikwenda kwenye sikio la mtu. Nilipanda juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, nikasema kwa sauti ile ya kumwita mtu ng'ambo ya shamba:

"Treni iko nyuma ya depo. Beba batoto, muache bintu."

Ukumbi ukasimama wote kwa mara moja. Mama wa Samaki akanishika mkono, akaniuliza kama nina wazimu, karatasi je, watoto wangu watakula filimbi? Nikamwambia aniachie. Hakuniachia, basi nikamtoa vidole kimoja kimoja.

Mama wa Mayai hakuniangalia. Mtoto alikuwa tayari mgongoni. Mume wake akabeba mmoja kwa mkono mzima, wa kwanza akakimbia mwenyewe, na mi nikamchukua yule wa tatu pamoja na godoro lililokunjwa. Tulikimbia juu ya mawe ya reli. Behewa lilikuwa wazi, la kubebea mawe ya mgodi, kuta zake ndefu, vumbi la kijani bado ndani yake. Nikawasukuma watoto juu kwa makalio, nikamsukuma baba yao, mwisho yeye. Alipokuwa juu akainama, na mi nikafikiri atasema neno. Akaingiza mkono kifuani akatoa ile karatasi, imekunjwa mara nne.

"Yaya, karatasi yenu."

Nikaipokea. Lile yaya, sijui kama lilikuwa msamaha au mazoea ya mdomo. Behewa likagongwa na lingine, likaanza kwenda. Niliona mguu wa mtoto umetoka kwenye kitenge mgongoni mwake. Ulikuwa unatikisika, lakini behewa lote lilikuwa linatikisika. Habari yao haikunifikia. Niliuliza miaka mingi, kwa madereva na kwa wafanyabiashara wa Mwene-Ditu wanaoleta mahindi. Mwanamke wa mayai, alizaliwa Kolwezi, watoto wanne. Wanasema mama, wako wengi.

Niliporudi ukumbini, mbabula yake ilikuwa bado inawaka juu ya meza ya pili. Walikuwepo wale ambao hawakupata nafasi, wamekaa tena palepale, na wanawake wenzangu wamesimama nyuma ya meza zao, hakuna anayeniongelesha. Shefu akaja. Akaitazama meza ya pili, kisha akainama akatazama chini yake, pole pole safari hii, amekamata kofia. Palikuwa na kiatu kimoja. Akaninyooshea mkono, nikampa karatasi, akaitia mfukoni. Kodi iliamka siku ileile, bila filimbi. Mama wa Samaki aliwasha moto wake kwa kiberiti karibu yangu mpaka mwezi ule ulipokwisha, na mwezi ulipokwisha mi nikaiacha meza ya tatu, nikahamia kando ya barabara ambako nilikuwa bado nauza ninyi mlipoanza kuzaliwa.

Lakini jioni ya siku ile, nyumbani, tulikuwa tumekaa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta. Mama wa Samaki alikuwa amemtuma mtoto wake, yule mkubwa, kupita mbele ya mlango wetu na kusema kwa nguvu kwamba nyumba hii inafuga wadudu. Watoto waliacha kula. Nkambo wenu akasema, si kwa hasira, kwamba safari nyingine nifunge mdomo, meza imekwisha, inatosha, tusije tukakosa na nyumba. Nikafikiri wale waliobaki ukumbini, mzee wa mlango akiwa mmoja wao. Na nilijua watoto wangu wanacheza kutwa karibu na depo, wanasikia yote wanayosema watu wa reli. Nikaweka mwiko chini. Nikawaambia, na baba yao akiwemo:

"Mutu wa nyumba hii akisikia habari ya treni, hata kama ni ya uongo, hata kama ni mi mwenyewe nimemukataza, asifike hapa kwanza. Aende gare, aseme kwa sauti, batu bote basikie. Kisha aje kula, kama chakula kiko."